Walidhani Yumo Msafarani



Mwinjili Luka atusimulia jinsi Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alivyobaki Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka. Wazazi wake walikwenda mwendo wa kutwa nzima wakidhani yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wabaya. Waliwaamini jamaa na majirani, na jioni mtoto hakuonekana.

Jambo hilo lilitupata sisi mwaka 2020. Tarehe 17 Machi, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, serikali iliamuru shule zifungwe. Vijana wa shule zetu za bweni walifunga masanduku, wakapanda mabasi kurudi makwao. Kidato cha sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Katika siku hizo zaidi ya 100, mwalimu alidhani kijana yuko salama kwa wazazi. Mzazi, aliyeshinda shambani, alidhani kijana anajisomea. Nasi mapadre na makatekista tulidhani yu mikononi mwa wote wawili.

Kumbe alikuwa wapi? Sisi wa Geita na Shinyanga twazijua njia zake. Mvulana hufuata wenzake kwenye maduara na makarasha, akashika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto waliofanya kazi hiyo katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Hatari hiyo basi haikuletwa na korona. Korona iliuondoa ukuta wa shule uliomkinga kijana. Msichana naye aweza kusikia ng'ombe wa mahari wakihesabiwa uani, kabla yeye hajaulizwa neno. Tena yuko wa tatu, asiyekwenda popote. Hukaa ndani, usingizi hauji, chakula hakipiti, huogopa asije akamwambukiza bibi yake. Huyo ni rahisi kusahauliwa, maana hana kosa lolote.

Shule zilipofunguliwa tuliuliza: ada imelipwa? Sare iko wapi? Ni wachache waliouliza: Mwanangu, siku zile zilikuwaje kwako?

Tuwatazame Mariamu na Yosefu. Kwanza, walirudi nyuma, wakaiacha safari yao. Pili, walitafuta hata siku ya tatu. Tatu, Mariamu aliuliza, akapewa jibu wasilolielewa, naye akayaweka mambo hayo yote moyoni. Vijana wetu hujibu hivyo hivyo, kwa maneno machache yasiyoeleweka. Tusiwakemee kwa haraka. Na wanayotuambia kwa siri tusiyageuze kuwa mazungumzo ya kisimani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Lakini mlezi wa kwanza si mlezi wa pekee. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu huijua kila nyumba na kila mlango. Shule ikifungwa tena, kwa maradhi au kwa sababu nyingine, basi lisiondoke kabla kila kijana hajapewa mtu mzima mmoja, kwa jina lake, atakayemtembelea kila juma na kumsikiliza.

Na wale ambao hawakurudi? Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba hata msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito aweza kurudi masomoni. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyekata tamaa hauoni mlango mpaka mtu amshike mkono. Leo wengi wao ni watu wazima, wengine wana watoto mgongoni. Ndugu yangu, wewe wamjua mmoja. Usiseme yumo msafarani. Rudi ukamtafute.

Ee Mungu Baba, utupe miguu ya kurudi nyuma na masikio ya kusikia, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.