MAZUNGUMZO KUHUSU UTUNZAJI WA VIPIMA UNYEVU PWANI YA MTWARA



Katika ukanda wa pwani kuanzia Mikindani hadi Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, upepo wa kusi na wa kaskazi huchukua chumvi ya bahari. Chumvi hiyo ni adui mkubwa wa vipima unyevu vilivyowekwa nje. Kosa la kipimo si jambo dogo: ubwiriunga wa mikorosho hustawi palipo na unyevu mwingi hewani, na tarakimu ya uongo yaweza kumpotosha anayemshauri mkulima juu ya wakati wa kupuliza salfa.

Kipimo cha zamani kina vipimajoto viwili ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye kupitisha hewa. Kimoja ni kikavu. Cha pili kimevishwa kitambaa cha pamba kinachofyonza maji. Maji hayo yakigeuka mvuke hupoza kipimajoto hicho, na tofauti ya vipimajoto viwili ndiyo ionyeshayo unyevu. Vikilingana alfajiri yenye ukungu, si ajabu. Vikilingana saa tisa alasiri jua likiwaka, ifahamike kwamba kitambaa kimekauka; na tofauti ikipungua pasipo sababu, huenda kimeshika chumvi au vumbi. Kibadilishwe, na kikombe kitiwe maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima hayafai.

Kipima cha umeme kina utando mwembamba unaofyonza unyevu. Kikidumu kwenye asilimia 100 mchana wa jua, kwanza vikaguliwe viungio vya nyaya kama vimeingia maji au kutu, kisha kichujio. Baadaye kijaribiwe: chumvi ya mezani itiwe maji machache iwe kama uji mzito, iwekwe pamoja na kipima katika chombo kilichozibwa barabara, kivulini, bila kugusana, kwa saa kadhaa. Hewa ya humo hutulia karibu asilimia 75. Kipima kikisoma mbali na hapo, kipelekwe kwa mafundi.

Mtunzaji asisahihishe tarakimu kwa kukisia. Aandike daftarini siku na saa hitilafu ilipoonekana. Tarakimu iliyokosekana hujulikana kuwa haipo. Iliyobuniwa hupita kama kweli.

Nao wananchi wanaombwa wasianike nguo wala samaki kwenye uzio wa vituo hivyo, wala wasichome taka jirani navyo.