Kibanda cha Chakula Gakoromone

Msikilizaji, kama umehamia Meru mjini ukitaka kuuza chakula karibu na soko la Gakoromone, usianze kwa kununua sufuria. Keti kwanza kwenye kibanda cha mwingine, agiza chai, utazame nani anakula, saa ngapi na kwa bei gani. Wapakiaji mizigo hutaka chakula kizito mapema: githeri, mukimo, chapati kwa madondo. Viazi vya Kibirichia na ndizi za Imenti utavipata papo hapo sokoni. Pesa hupotelea kwenye makaa na madeni ya wateja. Mgeni hukopesha ovyo akitafuta marafiki!

Kisha karatasi. Kibali cha biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Cheti cha afya cha mshika chakula hutolewa baada ya kupimwa, na hufanywa upya kila miezi 6. Msaidizi wako pia lazima awe nacho, hata kama ni binamu yako anayeosha sahani tu. Akitokea mtu wa kukuuzia cheti bila vipimo, kataa. Kabla hujawasha jiko, fika kwa maafisa wa afya ya umma.