Mwamba Uliokuwa Altare



Baadhi ya mapadre waliohubiri Injili Kenya na Kilimanjaro walitoka Ireland. Katika vijiji vya kwao, wazee huwaonyesha wajukuu mwamba uitwao Carraig an Aifrinn, yaani mwamba wa Misa, pamoja na vijia vya miguu vinavyokatiza mashamba kuuelekea.

Chanzo chake ni sheria. Mwaka 1697 Bunge la Dublin liliamuru maaskofu na mapadre watawa waondoke nchini kabla ya tarehe 1 Mei 1698. Mwaka 1704 Mkatoliki alikatazwa kununua ardhi, au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Akifa, shamba lake ligawanywe kwa wanawe wote. Lakini mwana wa kwanza akijiunga na Kanisa la serikali, alirithi lote. Tafakarini hilo: sheria iliingia hadi nyumbani, ikamshawishi mtoto aiache imani ya baba yake. Na asiye na ardhi atajenga kanisa wapi? Ndipo mwamba ukawa altare, na mlinzi akawekwa kilimani kuangalia askari.

Hapa sina budi kusema kweli, hata isiponoga. Miamba mingi ina hadithi ya padre aliyeuawa akiadhimisha Misa, na si zote zinazoweza kuthibitishwa. Mwaka huohuo wa 1704 mapadre wa majimbo waliojiandikisha serikalini waliruhusiwa kubaki, na mwaka 1731 serikali ilihesabu mamia ya nyumba za Misa, nyingi zikiwa vibanda duni. Dhuluma ile ilikuwa kubwa. Haihitaji kutiwa chumvi. Tena ilitendwa na Wakristo dhidi ya Wakristo.

Linalonigusa zaidi ni namna kumbukumbu ilivyohifadhiwa. Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wao, wakaandika majibu katika madaftari. Miamba na njia nyingi zimo humo, pamoja na zile ambazo baadaye zilizibwa kwa ua.

Katika vigango vyetu wapo akina bibi wanaoukumbuka mti uliosomewa Misa kabla kanisa halijajengwa. Naomba kila jumuiya ndogo ndogo imtume kijana mmoja kwao, na daftari mkononi, kabla ya masika.