Nani Anaihesabu Ngitili?

Makamu Mkuu wa Chuo, Rasi wa Ndaki, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee mliopanda basi kutoka Shinyanga mkaja kunisikiliza: shikamooni.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilipelekwa Usukumani kupima miti. Tulifunga kamba kwenye vigingi vinne, mita 20 kwa 20, tukahesabu kila shina lililokuwa ndani na kulizungushia tepu usawa wa kifua. Siku ya tatu, mwezi Oktoba, vumbi likiwa limeingia hadi kwenye daftari, alipita mtoto wa miaka kama kumi akiswaga ng'ombe. Upande wangu nyasi zilifika magotini, zimekauka zikiwa zimesimama. Upande wake ulikuwa udongo mtupu, na mbavu za ng'ombe zilihesabika. Hata hivyo, walipokaribia kichuguu fulani mtoto aliwakimbilia kwa mbele, akawageuza. Hapakuwa na ua wala waya. Nikamuuliza kwa nini hawaachi wakaingia. Akanijibu, "Hapo ni ngitili ya babu. Bado ndama hawajafunguliwa."

Nikaandika: mgunga, sentimita 9. Alichosema mtoto sikukiandika, kwa sababu fomu yangu haikuwa na nafasi yake. Tasnifu ilipokamilika ilisifiwa kwa majedwali yake. Lakini mpaka ule wa kichuguuni, ambao ndio uliofanya miti yangu iwepo, haumo hata kwenye ukurasa mmoja.

Kwa wasioijua, ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila kuguswa. Hufunguliwa kiangazi kikishakaza, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, na maksai wanaotakiwa kuwa na nguvu ya kuvuta jembe mvua zikirudi. Kuna ngitili za kaya, za kijiji, hata za shule. Ukiitazama kwa jicho la mfugaji, ni ghala la malisho. Mtu wa misitu ataona miti inayochipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki ardhini, mwanasheria ataona haki ya ardhi isiyo na hati, na mama anayetafuta kuni ataona safari ya saa kadhaa aliyoepushwa. Wote hao wanasema kweli. Taabu huanza pale mmoja wao anapopewa kalamu na fedha peke yake.

Shinyanga inalijua hilo kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Wakati wa Waingereza, Charles Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa huko huko Shinyanga. Swali lake lilikuwa la mtaalamu wa wadudu: mbung'o anaishi wapi, na tutamwondoaje? Jibu likawa kufyeka vichaka, na watu waliitwa kwa maelfu kwenda kufyeka. Sayansi ile haikuwa ya ovyo. Mbung'o kweli anahitaji kivuli, na malale na nagana ziliua kweli. Lakini swali la pili halikuulizwa kwa wakati: vichaka hivyo vilitoka wapi?

Jibu lilikuja miongo kadhaa baadaye. Mwaka 1971 John Ford, aliyekuwa mtafiti wa mbung'o kwa miaka mingi, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba historia ya ugonjwa ule haitenganishiki na historia ya watu. Mwaka 1977 Helge Kjekshus naye aliandika kuhusu Tanganyika kwa mwelekeo huo huo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi wa kutisha, zikafuatia njaa, ndui na vita vya kikoloni. Watu walipungua, mifugo ikaisha, mashamba na malisho yaliyokuwa yakizuia vichaka yakaachwa, na mbung'o akaingia. Kwa hiyo kile ambacho mtaalamu wa wadudu alikiona kama pori la asili, mwanahistoria alikiona kama kaburi la uchumi wa wafugaji. Mimi namheshimu Ford kuliko wengi katika fani yetu, kwa sababu alianza na mdudu akakubali kumfuata hadi alipomfikisha, yaani kwa watu.

Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha kaya kutoka kwenye maeneo yao. Mtu akihamishwa, ngitili yake inabaki bila mwenyewe. Hali ilipofika mahali pa kuitwa jangwa, Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga mwaka 1984, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kwa njia iliyozoeleka ya vitalu na miche ya kupanda. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali kujenga juu ya ngitili, kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitajwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta.

Naomba tusimame kidogo kwenye hizo 600. Mwanafunzi wa misitu huzipokea kama kipimo cha uharibifu. Wa historia atauliza nani aliziandika, na ni babu wangapi walikuwa na ngitili ambazo hakuna ofisa aliyewahi kufika kuziandika. Sisemi ongezeko ni la uongo; nimelikanyaga kwa miguu yangu. Nasema swali la mwanahistoria ni sehemu ya kipimo.

Na nani alizilinda hekta hizo? Walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, wakisimamiwa na dagashida, baraza la kimila linalohukumu na kutoza faini. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams aliandika kuhusu sungusungu mwaka 1987, na swali lake lilikuwa usalama wa mifugo na uhusiano wa wanavijiji na dola. Niliyasoma maandishi hayo miaka mingi baada ya tasnifu yangu, na niliona aibu. Maelezo ya mpaka wangu yalikuwa kwenye rafu ya jengo la jirani.

Utafiti wa Shinyanga ninaouthamini zaidi ulitoka mwaka 2005. Monela na Chamshama, wataalamu wa misitu kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walishirikiana na Mwaipopo, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Gamassa. Walihesabu miti na ndege, lakini walihesabu pia asali, dawa, kuni, nyasi za kuezekea na muda wa akina mama. Wakapata kwamba ngitili ilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu vijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Hawakuficha upande wa pili: wanyama waharibifu walirudi pamoja na miti, na mwenye ardhi kubwa alinufaika kuliko asiye nayo. Mpima miti peke yake asingeliona hilo la pili, kwa kuwa mti wa tajiri na wa maskini una kipenyo kile kile.

Leo tuna setilaiti zinazotuonyesha kijani kinavyoongezeka mwezi hadi mwezi, na soko la hewa ukaa linabisha hodi vijijini. Hofu yangu ni kwamba tutarudia kosa langu kwa kiwango cha mkoa mzima. Setilaiti haitasikia kwamba bado ndama hawajafunguliwa. Na mwanasosholojia anayeitwa mwezi wa mwisho wa mradi, akabidhiwe sura moja ya "masuala ya jamii", hawezi kuokoa swali lililokosewa mwanzoni. Mchumi, mtu wa udongo, mwanaanthropolojia na mwanasheria wakae meza moja siku dodoso linapoandikwa, wagombane hapo.

Kwa hiyo, Rasi, ombi langu liko mezani kwako kwa maandishi. Naomba kila mwaka tupate nafasi mbili za uzamivu, moja ya ikolojia na moja ya sayansi za jamii, kwa kijiji kimoja, gari moja na wasimamizi wanaosomeana rasimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya miradi miwili inayopishana barabarani bila kusalimiana.

Nanyi wazee wangu, nimeitafsiri tasnifu yangu kwa Kiswahili, nikaongeza sura ya ule mpaka wa kichuguuni. Nakala ziko mlangoni. Naomba mzichukue, mzisome na wajukuu, na kila nilipokosea mniandikie.