Mkanda wa Taiming Uliopitiliza: Mazungumzo kwa Madereva na Wenye Pikapu



Pikapu inayozungumziwa asubuhi hii ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L. Kazi yake ni kupeleka chanjo za mifugo mashinani. Chanjo hizo hukaa ndani ya kisanduku chenye barafu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mkulima aliyekwisha kukusanya mbuzi wake bomani si rahisi kumwambia arudi wiki ijayo.

Ilipoletwa gereji kubadilishwa oili, mita ilisoma kilomita 187,400. Fundi alifungua boneti akakuta kibandiko kinachoonyesha kuwa mkanda wa taiming ulifungwa kwenye kilomita 60,200. Mkanda wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hivyo ulikuwa umepitiliza kwa kilomita 27,200. Dashibodi ina taa ya kuonya, iliyoandikwa T-BELT, na ilikuwa inawaka. Mtu alikuwa ameifunika kwa kipande cha selotepu nyeusi.

Mkanda huu ni wa mpira, una meno, na umefichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Unaunganisha krankshafti, kamshafti na pampu ya dizeli. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na hivyo valvu hufunguka pistoni zikiwa mbali. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama huku pistoni zikiendelea kupanda, nazo hugonga valvu. Hapo ni kufungua silinda hedi, na bei ya mkanda na beringi zake ni ndogo sana ukilinganisha.

Mnyororo uliochakaa hupiga kelele kabla ya kukatika. Mkanda mara nyingi haulii. Ukikatikia kwenye mteremko, injini huzimika, usukani wenye pawa huwa mzito, na breki hupoteza msaada wa vakyumu baada ya kukanyagwa mara chache. Dereva akanyage breki kwa nguvu mara moja bila kuachia, atoke barabarani na aweke vibao vya tahadhari. Asijaribu kuwasha tena, na vijana wasiisukume ili iwake, maana kila mzunguko unaweza kupinda valvu nyingine. (Wenye Nissan za TD27 wanaweza kutabasamu: injini hiyo hutumia gia.)

Basi fundi alifanya nini? Alitoa waya za betri, feni na mikanda ya nje, akazungusha krankshafti kwa spana hadi pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa, alama zote zikalingana. Ndipo akatoa mkanda. Meno kadhaa yalikuwa yamepasuka kwenye mizizi, na kulikuwa na oili iliyovuja kwenye sili ya krankshafti. Oili hulainisha mpira na kuuharibu, kwa hivyo sili zilibadilishwa pamoja na beringi za kukaza mkanda. Kufunga mkanda mpya na kuacha beringi kuukuu ni kuokoa shilingi mahali pabaya.

Mkanda mpya haukukunjwa wala kupakwa chochote. Baada ya kuufunga, fundi alizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, akaangalia alama upya. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza, ilhali jino moja likikosea, injini hukosa nguvu au huharibika siku ya kwanza. Mwishoni aliirudisha taa ya T-BELT kwenye sifuri na kuandika 187,400 kwenye kibandiko kipya.

Aliyenunua pikapu kuukuu bila rekodi yoyote asihesabu kwa mita, kwani mita hiyo huenda ilirudishwa nyuma. Abadilishe mkanda kwanza, kisha aanze kuhesabu. Nunua spea kwa muuzaji anayetoa risiti.

Mafundi wako uwanjani hadi saa kumi jioni. Wenye Hilux za 2L, 3L na 5L waanze foleni upande wa mti wa mwembe, wafungue boneti na kuangalia kibandiko. Na kama kuna selotepu kwenye dashibodi, iondolewe kabla ya kufika mbele.