THELUJI INAYOUA KATIKA MILIMA YA ALPS



Watu wa Nyeri na Meru huiona theluji asubuhi juu ya Kirinyaga, nayo kwa mbali huonekana kitu cha upole kilichotulia. Lakini katika milima ya Alps, huko Uswisi, ambako watu hupanda wakati wa baridi ili wateremke kwa mbao za kutelezea, theluji huua watu kila mwaka.

Sababu yake imefichika. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa. Mwanzoni mwa majira ya baridi huwa haba, na usiku hewa huwa kali sana, hali ardhi iliyo chini yake ingali na joto kidogo. Mvuke hupanda kutoka chini, na chembe za theluji hugeuka kuwa kubwa na kavu, mfano wa chumvi ya mawe, wala hazishikamani. Baadaye upepo huleta theluji nyingine na kuishindilia juu yake, hata ikawa kama ubao mzito. Mteremko ukiwa wa digrii 30 au zaidi, ubao huo hungoja tu mtu wa kuukanyaga.

Akifika, husikia mshindo chini ya miguu. Ufa hukimbia mlimani kwa kufumba na kufumbua, na theluji yote huporomoka pamoja naye. Karibu watu 9 katika 10 wanaonaswa, poromoko limeanzishwa na wao wenyewe au wenzao. Wala nyayo za waliotangulia si ushahidi wa usalama, maana wa kumi aweza kukanyaga mahali ambapo ubao ni mwembamba.

Huko Davos, ambako theluji imechunguzwa tangu mwaka 1936, wataalamu hutoa habari ya hatari saa 11 jioni, kwa madaraja 1 hadi 5. Mtu angedhani wengi hufa katika daraja la 5. Sivyo, siku hizo watu hukaa nyumbani. Karibu nusu hufa katika daraja la 3, ambapo mara nyingi jua huwaka na theluji mpya huvutia macho.

Poromoko likisimama, theluji hukaza kama saruji. Aliyefunikwa hawezi kuinua hata mkono, naye hukosa hewa. Wakifukuliwa katika dakika 10 za kwanza, zaidi ya 9 katika 10 hupona; ikipita nusu saa, hupona kama 3 tu. Ni nadra helikopta kufika mapema hivyo. Kwa hiyo kila mmoja huchukua sepetu, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na chombo kidogo cha redio kinachoonyesha alipo. Kabla ya safari kiongozi husimama njiani, wenzake wakapita mbele yake mmoja mmoja, naye husikiliza. Ambaye chombo chake hakilii, haendi.