Tasnifu Bila Nakala ya Wizi



Tarehe ya kuwasilisha tasnifu ikikaribia, saiba za Lurambi na Kefinco hapa Kakamega hazina nafasi. Mwanafunzi anaingia na flashi yenye majibu ya hojaji zake, na anachotafuta ni majedwali ya SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwa sababu msimamizi wake ameyazoea hayo. SPSS ilianza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1968, ikanunuliwa na IBM mwaka 2009, na leseni yake mwanafunzi wa kawaida haiwezi. Basi wengi hutumia nakala iliyovunjwa kufuli, inayopita mkono kwa mkono pamoja na virusi vyake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Hata hivyo, kurasa za mwanzo za tasnifu zina tamko lililotiwa sahihi kwamba hiyo ni kazi halali ya mwandishi mwenyewe. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hakiwezi kuendelea kufumbia macho mgongano huo.

Tasnifu hiyohiyo ikishapita, chuo huihifadhi katika hazina yake ya mtandaoni, na hazina hiyo inaendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard. Maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Kenya hupanga vitabu vyao kwa Koha, iliyoundwa New Zealand mwaka 1999 baada ya maktaba za Horowhenua kuona kwamba mfumo wao wa zamani ungegonga mwamba mwaka 2000 ukiingia. Msimbo wa programu za aina hii uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Wakutubi wetu waliuvuka mto huu zamani, tena kimyakimya. Waliobaki ng'ambo ni watafiti.

Kwa takwimu, mbadala mkubwa ni R, kazi ya Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, iliyoanza mapema miaka ya 1990. Wanatakwimu duniani kote wanaitegemea. Kikwazo chake kwa anayeanza ni kwamba amri huandikwa kwa mkono, na koma moja ikikosewa kazi inasimama. Dawa ya kikwazo hicho ilitafutwa karibu sana na hapa. Maseno, kusini-magharibi mwa Kakamega, David Stern, aliyefundisha hisabati katika chuo kikuu cha huko, alikuwa miongoni mwa walioanzisha R-Instat pamoja na shirika la African Maths Initiative. Mwaka 2015 walichangisha fedha mtandaoni, na vijana wa Kenya wakawa miongoni mwa walioandika msimbo wenyewe.

R-Instat ina menyu za kubofya kama SPSS, lakini nyuma yake inafanya kazi R. Ina hata menyu ya hali ya hewa. Mwanafunzi wa kilimo akiwa na rekodi za mvua za kila siku, anaeleza mwenyewe mvua ya kupandia ni ipi: tuseme milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukame wa zaidi ya siku kumi katika mwezi unaofuata. Programu inamtolea tarehe ya kuanza kwa msimu, mwaka baada ya mwaka. Kila hatua inaweza kuhifadhiwa kama amri za R, kwa hiyo msimamizi anaweza kuirudia hesabu nzima na kuona ilikotoka. Jedwali lililoletwa kutoka saiba halimpi nafasi hiyo. Hapa ndipo uzito wa hoja hii ulipo, kuliko hata kwenye bei: utafiti usioweza kurudiwa na mtu mwingine una kasoro.

Kenya magharibi imewahi kuufanya uamuzi wa namna hii, tena mahali penye uhai na kifo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kwa kutumia Microsoft Access. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka mfumo ukaelemewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana waliunda mfumo mpya wa msimbo huria, OpenMRS, ukaanza kazi Eldoret Februari 2006. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 40, na KenyaEMR inayotumika katika kliniki nyingi za VVU nchini imejengwa juu yake.

Gharama zipo, na zisemwe. R-Instat imetengenezewa Windows. Waraka uliopangwa kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia, ukifunguliwa kwa Word, majedwali mara nyingine huhama. Mafunzo yanahitaji muda na walimu wanaolipwa. Mtaa wa Kefinco umepata jina kutokana na mradi wa maji wa Kenya na Ufini wa miaka ya 1980, na wazee wanaokumbuka visima vyake wanajua kwamba pampu ya mkono hudumu pale penye fundi wa kuifungua. Programu nazo ni hivyo: fedha zinazookolewa kwenye leseni ziajiri mafundi wa chuo, zisipotelee katika matumizi mengine.

Wa kuanza si mwanafunzi. Seneti iandike katika mwongozo wa tasnifu kwamba majedwali ya R, R-Instat au JASP, programu huria nyingine ya takwimu kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, yanakubalika sawa na ya SPSS, na kwamba amri za hesabu ziambatishwe. JASP hufungua faili za SPSS, kwa hiyo hakuna data ya zamani itakayopotea. Wasimamizi wapewe mafunzo kabla ya wanafunzi wao, na kazi hiyo ianze muhula ujao.